Catherine wa Aragon: Malkia Aliyekataa Kuitwa Mjane



Jarida hili la ukumbusho hutenga kurasa chache kwa maisha ya mtu mashuhuri wa zamani, ili vijana wetu wa shule, na sisi wazee pia, tupate kujua mambo ya dunia. Safari hii tumemchagua mwanamke, na tena malkia. Wapo watakaouliza malkia wa Ulaya aliyekufa mwaka 1536 anatuhusu nini sisi wa hapa. Tunawaomba wasome kwanza. Mama huyu aliondoka kwao akiwa na umri wa miaka 15, akaishi ugenini miaka 34 bila kurudi hata mara moja, akafiwa, akanyimwa matumizi, akatenganishwa na mwanawe wa pekee, na mwisho akafia katika nyumba aliyopangiwa na serikali, ambayo hakuruhusiwa kutoka.

WAZAZI NA NDUGU ZAKE

Catherine, ambaye kwao waliita Catalina, alizaliwa tarehe 16 Desemba 1485 katika mji wa Alcalá de Henares, Hispania. Baba yake alikuwa Ferdinand, mfalme wa Aragon, na mama yake Isabella, malkia wa Castile. Isabella hakuwa malkia kwa sababu ya mume. Castile ilikuwa nchi yake mwenyewe aliyorithi, naye aliitawala mwenyewe. Tunalitaja jambo hili mapema kwa kuwa binti aliyelelewa na mama wa namna hiyo hakuweza baadaye kuamini kwamba mtoto wa kike hafai kurithi kiti, na ugomvi mkubwa wa maisha yake ulitoka hapo.

Watoto walikuwa watano, wa kiume mmoja tu. Kifungua mimba alikuwa Isabella, akafuata Juan, kisha Juana, kisha María, na Catherine akawa kitinda mimba. Utoto wao haukuwa wa kukaa mahali pamoja. Wazazi walikuwa vitani dhidi ya ufalme wa Waislamu wa Granada, na familia nzima ilihamahama na jeshi. Mwaka 1491 waliishi katika kambi iliyouzingira mji wa Granada, na mahema ya kambi hiyo yaliungua moto usiku mmoja. Sisi tunaojua moto wa mahema tunaelewa ulikuwa usiku wa namna gani. Mfalme na malkia hawakuondoka, ila walijenga hapo hapo mji wa mawe ulioitwa Santa Fe. Tarehe 2 Januari 1492 Granada ilijisalimisha, na tunda la komamanga, ambalo ni nembo ya mji huo, baadaye likawa nembo ya Catherine mwenyewe mpaka kaburini.

Hapa hatuwezi kupita kimya. Mwaka huo huo, tarehe 31 Machi 1492, wazazi wake walitoa amri kwamba Wayahudi wote wasiokubali kubatizwa waondoke nchini kabla ya mwisho wa Julai. Watu waliouza nyumba na mashamba kwa bei ya kutupa walijazana barabarani na bandarini. Wengi walivuka mpaka kuingia Ureno. Lakini binti mkubwa, Isabella, alipokuja kuposwa na Manuel, mfalme wa Ureno, sharti mojawapo la ndoa lilikuwa kuwafukuza Wayahudi huko pia, na amri ilitoka mwaka 1496. Kwa hiyo mtu aliyekimbia mara moja alilazimika kukimbia mara ya pili, au kubatizwa kwa nguvu, ili harusi ya watu wengine ipite. Malkia tunayesimulia habari zake alitoka katika nyumba iliyozalisha wakimbizi, na hilo lazima lisemwe kabla ya sifa zake.

Nyumba hiyo nayo haikukaa salama. Juan alikufa Oktoba 1497, miezi michache tu baada ya harusi yake. Isabella alikufa mwaka 1498 akijifungua, na mtoto wake akafa mwaka 1500. Manuel wa Ureno, aliyebaki mjane, akamwoa María, mdogo wa marehemu mkewe, kwa ruhusa ya Papa. Msomaji aiweke akilini ruhusa hiyo, maana tutairudia. Juana alikuwa ameolewa na Philip wa Burgundy mwaka 1496, na mwaka 1500 alimzaa huko Ghent mtoto aliyeitwa Charles. Charles huyo ndiye aliyekuja kuwa Kaisari Charles wa Tano, mtawala wa Hispania, Uholanzi, sehemu kubwa ya Italia na Ujerumani, na nchi za Marekani zilizotekwa wakati wake. Kwa desturi zetu Catherine alikuwa mama yake mdogo.

Kulikuwa pia na wifi. Mjane wa Juan, Margaret wa Austria, alibaki Hispania kwa muda, naye ndiye aliyemzoeza Catherine kuzungumza Kifaransa, maana wakwe wa Uingereza walikuwa wametuma neno kwamba binti ajifunze lugha hiyo. Kilatini alikijua tayari kwa kukisoma na kukiandika. Ajabu ni kwamba Kiingereza hakuna aliyeona haja ya kumfundisha.

MAHARI ILIYOMFUNGA

Catherine alikuwa na umri wa miaka mitatu wakati baba yake na mfalme Henry wa Saba wa Uingereza walipokubaliana, mwaka 1489, kwamba ataolewa na Arthur, mwana mkubwa wa Henry. Kwao wakati ule mali ilitolewa na upande wa binti, kinyume na mahari yetu. Ferdinand aliahidi krauni 200,000, nusu mara baada ya harusi na nusu baadaye.

Binti aliondoka Granada Mei 1501. Merikebu zilipofika baharini dhoruba ikazirudisha, zikatoka tena mwishoni mwa Septemba, na tarehe 2 Oktoba zikatia nanga Plymouth. Harusi ilifanyika tarehe 14 Novemba 1501 katika kanisa la Mtakatifu Paulo, London. Aliyemshika mkono kumpeleka kanisani alikuwa shemeji yake mdogo, kijana wa miaka 10, jina lake Henry.

Maarusi walipelekwa Ludlow, mpakani mwa Wales. Tarehe 2 Aprili 1502 Arthur alikufa kwa ugonjwa. Catherine naye alikuwa kitandani hoi. Alipopona alijikuta ni mjane wa miaka 16 katika nchi ambayo hajui lugha yake.

Akina mama wanaosoma hapa watatuambia wenyewe yanayofuata mjane anapobaki kwa wakwe na mahari haijaisha kulipwa. Ferdinand alikuwa ametoa krauni 100,000. Kama binti angerudi kwao, Henry wa Saba angedaiwa kuzirudisha, naye alikuwa mtu wa kuhesabu kila senti. Kama angebaki, alistahili theluthi ya mapato ya Wales, Cornwall na Chester, na hilo nalo baba mkwe hakulitaka. Basi akakaa. Mwaka 1503 yaliandikwa makubaliano mapya, kwamba aolewe na Henry mdogo, shemeji yake, mara kijana atakapotimiza umri, na Papa Julius wa Pili akatoa ruhusa. Mwaka uliofuata, Novemba 1504, mama yake akafariki Castile. Catherine bila mama hakuwa tena na bei ile ile. Juni 1505 baba mkwe alimwelekeza mwanawe akane uchumba ule kwa siri mbele ya mashahidi, ili mlango ubaki wazi kwa mchumba mwingine mwenye faida zaidi.

Miaka saba alikaa hivyo. Aliishi London katika nyumba ya Durham na watumishi waliotoka naye Hispania, ambao hakuwa na mishahara ya kuwalipa. Alimwandikia baba yake barua nyingi za kuomba fedha. Alianza kuuza vyombo vyake vya dhahabu na fedha ili wale, na vyombo hivyo vilikuwa vimehesabiwa kuwa sehemu ya ile nusu ya mahari iliyobaki, kwa hiyo kila sahani iliyouzwa ilipunguza nafasi yake ya kuolewa. Baba na baba mkwe walirushiana lawama, kila mmoja akisema matumizi ni juu ya mwenzake. Sisi tumeona watu wawili wakubwa wakibishana nani mwenye dhamana na mtu mmoja, na tunajua anayeshinda njaa ni nani.

Mwaka 1507 Ferdinand alimpa binti yake hati za ubalozi, na hivyo Catherine akawa balozi rasmi wa baba yake mbele ya baba mkwe wake. Ni vigumu kupata mwanamke mwingine aliyeshika kazi hiyo Ulaya kabla yake. Alijifunza kuandika kwa herufi za siri, alijifunza Kiingereza, na alijifunza jambo lililomsaidia baadaye kuliko yote, yaani kukaa kimya na kutoondoka.

Henry wa Saba alikufa tarehe 21 Aprili 1509. Mfalme mpya, yule kijana aliyemshika mkono kanisani, hakungoja hata miezi miwili. Alimwoa Catherine tarehe 11 Juni 1509 huko Greenwich, na tarehe 24 wakavikwa taji pamoja Westminster. Yeye alikuwa na miaka 23, mume anakaribia 18.

MALKIA KWA WATU

Miaka ya kwanza ilikuwa ya furaha, isipokuwa upande wa watoto. Mtoto wa kwanza, wa kike, alizaliwa amekufa Januari 1510. Siku ya mwaka mpya 1511 alizaliwa mvulana, akaitwa Henry, na sherehe zikawa kubwa. Kuna karatasi ndefu ya ngozi yenye picha za michezo ya farasi iliyofanyika Februari hiyo, na kati ya wapiga tarumbeta anaonekana Mwafrika aliyevaa kilemba juu ya farasi. Jina lake, John Blanke, limebaki katika vitabu vya mishahara ya mfalme, na imebaki pia barua yake ya kuomba aongezewe kutoka peni 8 kwa siku hadi peni 16. Siku chache baada ya michezo hiyo, tarehe 22 Februari, mtoto alikufa. Alikuwa ameishi siku 52. Walifuata watoto wengine wa kiume waliopotea mwaka 1513 na 1514. Tarehe 18 Februari 1516 alizaliwa msichana, Mary, naye akaishi. Novemba 1518 alizaliwa wa kike mwingine, amekufa. Baada ya hapo hakushika mimba tena.

Mwaka 1513 mume alikwenda vitani Ufaransa na kumwachia Catherine utawala wa nchi. Uskoti ikavamia kutoka kaskazini. Yeye ndiye aliyesimamia kukusanya askari, fedha na mizinga, naye mwenyewe akaanza safari kuelekea kaskazini na jeshi la akiba. Tarehe 9 Septemba, huko Flodden, Waskoti walishindwa vibaya na mfalme wao, James wa Nne, akauawa. James huyo alikuwa mume wa Margaret, dada yake Henry. Catherine alimpelekea mumewe Ufaransa vazi la marehemu lililotapakaa damu, kama zawadi ya ushindi. Katika hili hatumsifu. Wifi yake alikuwa amebaki mjane na mtoto mchanga, na Catherine, kuliko mtu yeyote, alijua ujane ugenini ulivyo.

Jambo la mwaka 1517 ndilo lililofanya Kamati yetu imchague. London ilikuwa na wageni wengi, mafundi na wafanyabiashara kutoka Uholanzi, Ufaransa, Italia na Hispania. Wenyeji walilalamika kwamba wageni wanachukua kazi, wanauza bei ya chini, wanapendelewa na wakubwa. Wakati wa Pasaka mhubiri mmoja aliyasema hayo hadharani. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei vijana wanaojifunza ufundi, kwa mamia, waliingia mitaani, wakavunja milango ya wageni na kuharibu maduka na nyumba zao. Serikali ilikamata watu mamia, wakiwamo watoto wadogo. Kadiri ya watu 13 walinyongwa kama wasaliti, na kwenye milango ya jiji ikawekwa miti ya kunyongea.

Halafu waliobaki, karibu 400, waliletwa katika ukumbi wa Westminster, mbele ya mfalme, wakiwa na kamba shingoni. Catherine, mgeni wa Hispania, ambaye watu wa kabila lake walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa usiku ule, alipiga magoti mbele ya mume wake na kuwaombea kwa machozi. Mfalme akawasamehe, na wafungwa wakazirusha kamba zao juu kwa furaha. Kuna wanaosema yote yalipangwa kabla, mfalme aonekane mkali na malkia aonekane mpole. Huenda. Hata hivyo mama zao walipata watoto wao, na watu wa London hawakulisahau jambo hilo hata pale mumewe alipotaka walisahau.

Katika miaka hiyo pia alimsaidia msomi mmoja wa Valencia, Juan Luis Vives. Familia ya Vives ilikuwa ya Wayahudi waliobatizwa, naye alitoka Hispania mwaka 1509 asirudi tena. Baba yake alichomwa moto na mahakama ya dini mwaka 1524. Mahakama hiyo iliwekwa na wazazi wa Catherine. Hata hivyo Catherine ndiye aliyempa posho, na Vives alimtolea kitabu chake juu ya elimu ya wanawake kwa ajili ya masomo ya binti Mary. Mwaka 1526 Vives alitoa kitabu kingine, kilichoandikwa kwa ajili ya mji wa Bruges, akieleza kwamba ni wajibu wa mji kuwahesabu na kuwatunza maskini wake. Baadaye wawili hao walikosana, kwa sababu Vives alimshauri asijibu kesi tutakayoisimulia, na yeye hakutaka kushauriwa hivyo.

KESI YA NDOA

Kufikia mwaka 1525 Catherine alikuwa na miaka 39 na mfalme hana mtoto wa kiume wa ndoa. Alikuwa naye wa nje, aliyezaliwa mwaka 1519, na mwaka huo wa 1525 alimpa mtoto huyo cheo kikubwa cha ukabaila. Catherine alikasirika waziwazi. Kwa upande wake mrithi alikuwepo tayari, Mary, kama vile mama yake Isabella alivyokuwa mrithi wa Castile.

Undugu nao ulianza kumwangusha. Mwaka 1522 Kaisari Charles alikuja Uingereza akachumbia Mary, mtoto wa mama yake mdogo. Kwetu sisi hao ni kaka na dada, na wazee wasingekaa kikao cha namna hiyo hata dakika moja. Lakini uchumba haukuvunjwa kwa mwiko. Mwaka 1525 Charles aliona hawezi kungoja msichana wa miaka tisa, akamwoa Isabella wa Ureno, binti wa María, ambaye naye ni mtoto wa mama mdogo. Henry aliona ametukanwa.

Wakati huo moyo wake ulikuwa umeshaelekea kwa Anne Boleyn, mmoja wa mabibi waliomhudumia malkia. Juni 1527 alimwambia Catherine kwamba ndoa yao haikuwa ndoa tangu mwanzo. Hoja yake ilitoka katika kitabu cha Walawi, kinachomkataza mtu kumchukua mke wa ndugu yake na kusema watakosa watoto. Upande wa pili ulijibu kwa Kumbukumbu la Torati, kinachomwamuru mtu amwoe mjane wa ndugu yake aliyekufa bila mtoto. Wasomaji wetu wanaijua vizuri desturi ya kurithi mjane, wengine wanaitetea na wengine wanaipinga. Ni ajabu kufikiri kwamba mabingwa wa vyuo vikuu vya Ulaya walibishana miaka sita juu ya jambo hilo hilo linalobishaniwa chini ya miti yetu. Na ile ruhusa ya Manuel wa Ureno, aliyeoa dada wawili, hakuna aliyeifungulia kesi.

Catherine alikuwa na jibu jingine tena. Aliapa kwamba yeye na Arthur hawakukutana kimwili katika ile miezi michache, na kwamba Henry mwenyewe anajua alimkuta bikira. Sisi hatukuwepo. Mwaka 1531 mawakili wa Hispania walimtafuta hata mwanamke aliyeitwa Catalina wa Motril, aliyekuwa mtumwa na mtandika kitanda wa malkia siku zile, ili aulizwe alichokiona. Hebu msomaji afikiri, mambo ya falme mbili yakingoja neno la mtumwa ambaye wakati wa kazi yake hakuna aliyemwuliza lolote.

Papa Clement wa Saba alikwama. Mei 1527 jeshi la Charles lilikuwa limeiteka na kuipora Roma, na Papa alikuwa mikononi mwa mpwa wa yule mama anayeshtakiwa. Alituma kadinali, Campeggio, kuketi na Kadinali Wolsey, na mahakama ikafunguliwa Blackfriars, London, mwaka 1529. Tarehe 21 Juni Catherine alipoitwa, hakujibu majaji. Alipita katikati ya watu wote akaenda kupiga magoti mbele ya mume wake. Kwa Kiingereza chenye lafudhi ya kwao alimweleza kwamba yeye ni mwanamke mgeni, hana mtetezi asiye wa upande wa mfalme, amekuwa mke mwaminifu miaka 20, na kesi yake anaikatia rufaa Roma. Kisha akasimama, akainama kwa heshima, akatoka nje. Mwita mashauri alimwita mara tatu. Hakurudi.

NYUMBA KWA NYUMBA

Kwa muda waliendelea kuishi chini ya paa moja, mfalme, malkia na Anne, na Catherine aliendelea kumshonea mumewe mashati kama zamani, jambo lililomuudhi Anne mno. Julai 1531 Henry aliondoka Windsor asubuhi kwenda kuwinda bila kumuaga. Hawakuonana tena. Mary alipelekwa mahali pengine, na mama na mtoto hawakuruhusiwa kukutana kuanzia mwaka huo.

Mwaka 1532 alitakiwa atoe vito vyake apewe Anne kwa safari ya Ufaransa. Hakuvitoa mpaka alipoletewa agizo la mfalme kwa maandishi. Januari 1533 Henry alimwoa Anne kwa siri, Mei Askofu Mkuu Cranmer akatangaza kwamba ndoa ya kwanza ni batili, na Juni Anne akavikwa taji. Anne alipokaribia kujifungua alitaka hata kitambaa cha ubatizo ambacho Catherine alitoka nacho Hispania. Hicho hakukitoa.

Wajumbe wa mfalme walimfuata Ampthill, Julai 1533, na hati inayosema kuanzia sasa aitwe Binti Mfalme Mjane, yaani mjane wa Arthur. Aliomba kalamu, na kila mahali palipoandikwa cheo hicho akapachora mstari. Waliahidi kumtunza vizuri kama atakubali, na walimtisha kwamba binti yake ataumia kama atakataa. Alikataa, na binti akaumia kweli. Mary alivuliwa cheo, akaitwa mtoto wa haramu, na Desemba akapelekwa kuishi katika nyumba ya mdogo wake Elizabeth, mtoto wa Anne. Wapo wanaomlaumu Catherine kwa hilo, kwamba mama angekubali neno moja ili mwanawe alale vizuri. Tulipojadili makala haya tuligawanyika. Baadhi yetu tuliona hivyo. Wengine tuliona kwamba neno hilo moja ndilo lingemfanya Mary kuwa haramu kwa kinywa cha mama yake mwenyewe, na hilo lisingefutika.

Alihamishwa Buckden, kisha mwaka 1534 Kimbolton, sehemu ya mabonde yenye unyevu. Watumishi walipunguzwa. Alikaa chumbani, na kwa hofu ya sumu chakula chake kilipikwa mbele ya macho yake. Machi 1534 Papa aliamua hatimaye kwamba ndoa yake ni halali. Ilikuwa imechelewa, maana Bunge la Uingereza lilikuwa likipitisha sheria ya kuwarithisha watoto wa Anne, na nchi ikajitenga na Roma. Askofu John Fisher, aliyemtetea mahakamani, alikatwa kichwa Juni 1535, na Thomas More Julai.

Na mpwa wake, Kaisari? Alituma balozi hodari, Eustace Chapuys, aliandika barua, alizungumza na Papa. Jeshi hakulituma. Alikuwa na Waturuki mashariki na Ufaransa magharibi, na mama mdogo alikuwa mmoja. Catherine mwenyewe hakukubali vita ipigwe dhidi ya mume wake kwa ajili yake. Juana, dada yake pekee aliyebaki hai baada ya María kufa mwaka 1517, alikuwa amefungiwa Tordesillas tangu mwaka 1509, kwanza na baba yake na kisha na Charles, mwanawe mwenyewe. Kwa hiyo mabinti wawili wa Isabella, kila mmoja katika nchi yake, walikuwa nyuma ya milango iliyofungwa na jamaa zao.

Mary alipougua, Catherine aliomba aletewe amuuguze kwa mikono yake. Alinyimwa.

Mwishoni mwa mwaka 1535 alidhoofika. Usiku wa mwaka mpya, bila kibali chochote, alifika María de Salinas, rafiki yake wa tangu Hispania, ambaye alikuwa ameolewa na kabaila wa Uingereza. Walinzi walidai karatasi. Yeye alisema ameanguka kutoka kwenye farasi na karatasi zinakuja nyuma, akapita, akaingia chumbani kwa malkia, wala hakuna aliyemtoa tena. Catherine alikufa tarehe 7 Januari 1536, mchana, akiwa na miaka 50. Moyo wake ulipotazamwa ulikutwa na uvimbe mweusi. Wakati ule walisema sumu, siku hizi madaktari wengi hudhani ni saratani.

Kwa sheria ya Uingereza mwanamke mwenye mume hakuweza kuandika wasia bila idhini ya mumewe. Mjane aliweza. Catherine hakuandika wasia. Aliandika orodha ya maombi kwa Henry: watumishi walipwe mishahara yao, na mkufu wa dhahabu aliotoka nao Hispania apewe binti yake.

Alizikwa tarehe 29 Januari katika abasia ya Peterborough, kwa heshima za mjane wa Arthur. Henry hakuhudhuria, Mary alikatazwa. Siku hiyo hiyo Anne aliharibikiwa mimba, na miezi minne haikuisha naye alikuwa amekatwa kichwa, tarehe 19 Mei 1536. Mary alikuja kuwa malkia mwaka 1553, na Bunge lake la kwanza likatangaza kwamba ndoa ya wazazi wake ilikuwa halali. Mwaka 1554 aliolewa na Philip, mwana wa Charles. Kabla ya kufa, mwaka 1558, aliandika katika wasia wake kwamba mwili wa mama yake uletwe kutoka Peterborough uzikwe karibu naye. Waliompokea kiti hawakulitimiza. Mama yuko bado Peterborough, zaidi ya kilometa 100 kutoka kwa binti yake. Kaburi lilivunjwa na askari mwaka 1643, likatengenezwa tena, na juu yake sasa kuna herufi za dhahabu zinazomwita Malkia wa Uingereza. Watu wanaolizuru huweka hapo makomamanga.